Hapana ya Mjomba

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba. Huku Itiryo tu wazima. Shangazi yako amejifungua salama, na mahindi yamebeba vizuri. Nashukuru kwamba hata ukiwa chuoni na saketi zako unanikumbuka.

Unauliza kwa nini jedwali la ukweli la geti la NA lina mistari minne, lakini jibu ni moja, yaani ndiyo, katika mstari mmoja tu. Nimefungua shajara yangu ya miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana wa shule. Mahari yangu ilikuwa inakuja, nami nilitaka kuendelea kusoma. Kwetu, ng'ombe hawakuingia zizini mpaka baba na mjomba wakubali wote wawili.

Nikaandika: baba ndiyo, mjomba ndiyo; baba ndiyo, mjomba hapana; na ile mingine miwili. Ng'ombe waliingia katika mstari wa kwanza peke yake. Nilikuwa nimelia wiki nzima nikimbembeleza baba, kumbe hapana moja ingetosha! Nikakimbia kwa mjomba.

Siku ya mahari alikuja, akawazunguka ng'ombe. "Wazuri kweli," akasema. "Warudisheni."

"Shemeji, umelewa?" baba akauliza.

"Bado. Mtoto asome kwanza."

Baba alikuwa moja, mjomba sifuri, na ng'ombe wakarudi kwao. Lingekuwa geti la AU, ambalo ndiyo moja inalitosha, ningeolewa siku ile. Basi kila ninapoisoma barua yako bila kusaidiwa na mtu, naishukuru sifuri ya mjomba.

Bibi yako,
Ghati