Chupa ya Kwanza ya Lutuku

Kampemba, Jumapili mchana. Jua kali, hakuna hata wingu.

Sijamwambia mtu yeyote: ugonjwa wa kaka yangu mkubwa, Yaya Ramazani, si malaria. Ni lutuku, pombe kali ya kupikwa mtaani. Nilikuwepo alipoinywa.

Nyumbani kwetu pombe haitajwi hata jina. Baba ndiye anayefungua msikiti alfajiri. Kaka yangu hakufundishwa lolote juu ya pombe, isipokuwa kwamba ni haramu. Ipi inalewesha na ipi inaua, nani angetuambia?

Jana, baada ya salongo, ile kazi ya mtaa mzima ya kusafisha mifereji, rafiki zake wa shule walimpeleka kwa mama mmoja nyuma ya soko, anayepika lutuku. Mimi nikawafuata, maana mama yangu hapendi nirudi peke yangu. Pipa lilikuwa motoni, matone yameanza kutoka kwenye mrija. Yule mama akayakinga kwa chupa, kisha akaiweka pembeni.

"Hii ya kwanza tunatupaka chini, batoto. Iko sumu. Mungojee."

Akaenda kutafuta kuni.

"Anadanganya. Ile njo iko na nguvu," Kalenga, mmoja wa rafiki hao, akasema. Halafu akamgeukia Yaya: "Ao imamu wetu anaogopa?"

Wakacheka. Yaya hakucheka. Akainywa karibu yote. Kalenga mwenyewe hakuonja.

Ningeweza kusema neno moja tu. Lakini mbele ya wavulana sauti yangu hupotea.

Njiani Yaya akaniambia, "Ukisema, hauko tena dada yangu."

Leo asubuhi ametapika sana. Mama anampa kinini na uji, anasema mbu wamezidi.

Sasa hivi nimempelekea maji. Mkono wake umetafuta kikombe hewani. Ameniuliza kwa nini nyumba imejaa moshi.

Hakuna moshi.

Naogopa mkanda wa baba. Naogopa maneno ya watu msikitini, na Yaya kutonisamehe. Ila wakimpeleka hospitalini, daktari atauliza amekunywa nini, na mama atajibu: uji.

Nilitaka kungoja mpaka kesho. Kesho huenda Yaya asinione kabisa.

Nasikia viatu vya baba. Anakuja mlangoni. Karatasi naificha, halafu namwambia.