Daftari la Kijani la Emilia

Mnyambe, Newala
18 Novemba

Kwa dada yangu mpendwa, Mama Mujibu,

Shikamoo. Natumaini goti halikusumbui tena, na wajukuu wanakwenda shule bila kusukumwa. Sisi huku tu wazima, ila mvua imewahi na korosho za watu bado ziko mikekani. Ulipiga simu kuuliza kwa nini katika barua yangu ya kwanza nilikuagiza usimpe Emilia chumba hapo kwako Masasi. Nakujibu kwa barua, kwa kuwa simu ningeikata kabla ya kufika mwisho.

Unajua kwamba huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili wa kupanga madaraja ya korosho katika ghala la chama chetu. Nachoma gunia kwa bambo, natoa korosho chache, nazipasua, kisha natamka: la kwanza au la pili. Hakuna anayenibishia. Mwaka huu chama kilimleta Emilia awe msaidizi wangu, na mwezi ujao alitakiwa kwenda mafunzoni Masasi ili ashike nafasi yangu nitakapostaafu.

Nilimshuku tangu wiki ya kwanza. Kila Jumamosi, mizani ikishafungwa, alikaa juu ya magunia matupu akaandika katika daftari la kijani. Nikikaribia, analifunga. Nilipomuuliza anaandika nini, alijibu kwamba anaipasua kazi yake. Nikamwambia kazi si korosho. Wakulima wakacheka, na mtani wangu Nikolao akanionya kwamba binti huyo akimaliza magunia atanichoma bambo mimi. Utani ule haukunitoka moyoni.

Baadaye magunia thelathini ya huyo huyo Nikolao, niliyoyapa daraja la kwanza, yalirudishwa kutoka ghala kuu kwa sababu ya unyevu. Jumamosi ile Emilia aliandika kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nikaamini kwamba ananikusanyia makosa ayapeleke kwa mwenyekiti wetu, Bwana Cecil. Nikamtangulia. Nilimwambia mwenyekiti kwamba msichana ananakili siri za chama ili awapelekee wanunuzi. Ushahidi sikuwa nao hata chembe. Bwana Cecil alisema neno la mtu wa miaka ishirini na mbili kazini linamtosha, akalifuta jina la Emilia katika mafunzo. Binti mwenyewe hakuambiwa sababu. Aliendelea kuniamkia “Shikamoo, Babu” kila asubuhi, na adabu hiyo nayo nikaishuku.

Dada, sasa nikueleze la aibu. Juzi, alipokwenda kupokea magunia, nilitoa daftari mkobani mwake nikalisoma. Hakuna ukurasa ulionishtaki. Kila wiki alichukua kazi zake tatu bila kuchagua nzuri, akaandika kosa, chanzo chake, na atakalobadilisha. Ni kama sisi tunavyomuuliza mwenye gunia alizianika wapi, tunapokuta korosho mbovu. Kuhusu magunia ya Nikolao aliandika: “Niliusikia unyevu mkononi, nikanyamaza. Chanzo: nilimwogopa Babu. Mara nyingine nitasema, hata akinikaripia.”

Kosa lilikuwa langu. Yeye alichukua fungu lake tu, langu hakuligusa.

Nililirudisha daftari mkononi mwake, nikamwambia kwamba nimelisoma, na nikamweleza nililolipeleka kwa mwenyekiti. Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza tu chanzo ni nini. Jibu langu leo ni hili: kwa miaka yote hii nimepasua korosho za watu, na niliogopa kupasuliwa mimi.

Alhamisi nitasimama mbele ya kamati niyaseme haya yote. Wakiniondoa kabla ya wakati wangu, na iwe hivyo. Jina lake likirudishwa, nakuomba umpe kile chumba chenye dirisha kubwa, na barua yangu ya kwanza uichane.

Nisalimie Mujibu na jirani yako Veridiana. Usiache kulikanda goti kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako,
Abdulatifu