Mahali pa Kuhesabia

Mjukuu wangu Limi,

Mdogo wangu Kabula nilimpoteza katikati ya miaka ya tisini, nikiwa natwanga mawe ya dhahabu Rwamgasa. Marahaba. Babu yako hajambo, na mahindi mwaka huu yamekubali.

Unauliza imekuwaje wewe na mwenzako wa maabara mhesabu seli zinazogawanyika kwenye uvimbe mmoja wa titi, kila mtu apate idadi yake. Mimi nilishayaona. Daktari wa kwanza alisema uvimbe wa Kabula unakua polepole. Tukaamini, tukangoja. Wa pili akasema unakua kwa kasi.

“Si nyama ile ile, daktari?”

“Ile ile, mama. Mwenzangu alihesabia pale seli zinazogawanyika zilipo chache, mimi pale zilipojaa.”

“Kumbe na nyie!” nikamwambia. Kwetu Rwamgasa mwenye shimo alipima jiwe linalong'aa, mnunuzi akapima jeusi, wakatukanana hadi wakajifunza kukubaliana kwanza jiwe la kupima litoke upande gani wa shimo.

Madaktari wote wawili hawakukosea kuhesabu. Kabula ndiye tuliyemzika.

Sasa kipande cha uvimbe wa mama yako mdogo Minza, binti wa Kabula, kinakuja maabara kwenu. Mmekubaliana pa kuhesabia, ndiyo au hapana? Nijibu kabla hakijafika, Ijumaa saa sita mchana.

Bibi yako