Kitovu cha Shija

Jumatatu, 10 Machi 1975

Kitovu cha Shija kimepotea. Kati ya jana saa kumi jioni na leo saa kumi na mbili asubuhi. Jumla saa kumi na nne. Nyumba ina watu saba. Mmoja ana siku sita, huyo simhesabu.

Kilidondoka jana mkwe wangu Esta akimwogesha. Nikakifunga mwenyewe kwenye kipande cha kaniki, upana wa vidole viwili, nikakitia ndani ya kopo la vifungo, kopo ndani ya droo ya cherehani. Kikae humo mpaka Ijumaa mwanangu Stanslaus arudi na lori lake la mahindi, achimbe akizike. Kwetu baba wa mtoto ndiye anayechimba. Si bibi, si babu, na si mgeni yeyote.

Leo nafungua kopo — hamna! Nikamwaga vifungo vyote kitandani, nikahesabu mara mbili. 140. Vilikuwa 143, navijua vifungo vyangu. Vimepungua viwili vikubwa vyeusi vya koti na kimoja kidogo cheupe. Mwizi wa kitovu anataka vifungo vya nini?

Sijamtaja mtu. Ila naandika: jana hiyohiyo jioni Mama Esta, bibi wa Ushirombo, aliweka kikombe chini akatangaza mbele ya watoto kwamba Jumamosi anaondoka na binti yake na mtoto, basi la saa mbili. Akapumzike kwao. Kama safari ile ya mapacha. Safari ile! Kulwa na Doto, wakubwa zake Shija, walikuwa na wiki tatu. "Mwezi mmoja tu, Mama Stanslaus." Walirudi baada ya siku 212. Nilimpokea Kulwa akalia mpaka akatapika. Hakunijua. Doto alikuwa na meno manne, hata moja sikuliona likiota.

Na kitovu kikizikwa Ushirombo, nani atasema Shija ni wa hapa Nyasubi?

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Nimefagia uvungu wa vitanda vyote, nimekung'uta magodoro. Hamna.

Mzee Maige hana wasiwasi. "Kitaonekana." Mume wangu alifanya kazi miaka kumi na moja chini ya ardhi kule Geita, anaamini kila kitu kinaonekana ukichimba.

Lakini kwa wajukuu simlaumu. Tangu Januari alikuwa akiwafundisha kulea kwa maboga. Kila mmoja na boga lake, kulipakata, kulibeba mgongoni kwa kitenge. "Shika kichwa! Boga halina shingo, mtoto anayo!" Doto aliliangusha lake mara tatu. Mara ya nne likapasuka, nikalipika. Akakataa kula. Eti ni mtoto wake.

Sasa zamu nazipanga mimi. Mkekani, miguu imenyooshwa, mmoja anampakata Shija, mwenzake anahesabu mpaka hamsini, wanabadilishana. Doto akimpakata, Kulwa huruka kutoka ishirini na tisa hadi arobaini. "Bibi, kaiba tena!" Wana miaka mitano na nusu. Wanapigania kuleta nepi.

Haikuwa hivi siku ya kwanza. Doto alimtazama mdogo wake, akaniuliza anarudi kwao lini. Nikamwambia kwao ni hapa. Nikawapeleka wote wawili nyuma ya nyumba, penye ua wa minyaa, nikawaonyesha vilipozikwa vitovu vyao. Shimo moja. Ndiyo maana hamuachani, nikasema. Mwenye kitovu hapa, aende atakakokwenda, atarudi hapa. Wakaitazama ile ardhi kama wanaisoma. Toka siku hiyo Doto hajauliza tena.

Jumatano, 12 Machi

Mvua tena. Mama Esta ameanza kukunja nguo za mtoto. Nimeshona gauni moja tu. Mshono umepinda — mimi!

Alhamisi, 13 Machi

Nimeuliza.

Nilitunga uzi sindanoni miaka mitatu kwenye baraza la Taramati, mke wa Pranlal mwenye duka, kabla sijaruhusiwa kugusa cherehani. Kusubiri nakujua. Lakini siku nne zimetosha.

"Mama Esta, umekichukua au hujakichukua?"

Akaenda kuleta sanduku lake la bati, akalifungua juu ya mkeka wangu, akatoa kimoja kimoja. "Hesabu, Mama Stanslaus. Si ndiyo kazi yako?"

Vitenge viwili. Rozari. Nusu mche wa sabuni. Chupa ya samli. Kitana. Soksi za kufuma, jozi tatu. Vitu tisa. Kitovu hamna. Na katika zile soksi, jozi mbili ni kubwa. Za mapacha. Amewafumia, hajawapa bado.

Esta alikuwa amesimama mlangoni na mtoto, machozi yanamtoka kimyakimya. Amejifungua juzi tu, na mimi namletea haya.

Mapacha walikuwa chini ya meza ya cherehani. Kimya kabisa. Watoto wale wawili wakinyamaza kwa pamoja lazima kuna jambo. Mimi nilikuwa nahesabu soksi.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imekatika alfajiri. Nikaenda nyuma kuanika nepi. Penye minyaa — vifungo vitatu! Vimekandamizwa kwenye udongo, mvua imevisafisha vinang'aa. Viwili vikubwa vyeusi, katikati kimoja kidogo cheupe. Juu ya shimo lao.

Sikuchimba. Nikaita.

Walikuja wameshikana mikono. Doto akasema Kulwa ndiye aliyechimba, kwa kijiko. Kulwa akasema Doto ndiye aliyepanda kiti akafungua droo. Basi, yameisha, hakuna kesi. Nikauliza kwa nini. Kulwa akashangaa, kana kwamba nimesahau maneno yangu mwenyewe.

"Si ulisema mwenye kitovu hapa atarudi hapa? Bibi wa Ushirombo anamchukua."

Mzee Maige alicheka mpaka akakohoa. "Hata Geita hatukuchimba kwa kijiko!" Mimi sikucheka. Nilitaka kuwachapa, mkono ukakataa kuinuka.

Nikaenda kwa Mama Esta nikapiga magoti. Nimekukosea, nikamwambia, nisamehe. Akaniambia hata safari ile ya mapacha nilikuwa na haki ya kukasirika. Esta alishikwa na homa, akalala miezi. Kuandika barua Mama Esta hajui, na kumwomba padri amwandikie aliona aibu. Ndiyo anasema leo! Miaka mitano nimeibeba hasira hii. Nimemshika mkono akainuka, na mimi nikainuka. Magoti ya uzee, tumesaidiana.

Lakini safari, akasema, iko palepale. Esta hana damu, anahitaji mama yake.

Hilo nalo ni kweli.

Saa kumi na moja Stanslaus ameingia, tope mpaka magotini. Nimempeleka kwenye minyaa. Akasimama na jembe mkononi, hana pa kuchimba. Doto akamwambia asikanyage vifungo. Kulwa akamwuliza, "Baba, Shija anaenda au anabaki?"

"Tutaona."

"Tutaona siyo jibu," akasema Doto. Maneno yangu hayo, ndivyo ninavyowaambia wateja.

Wakati wa chai nimewaambia wote. Basi linaondoka saa mbili. Mpaka stendi ni hatua 1,150, na mtoto mikononi ni dakika ishirini. Kabla ya saa moja asubuhi nataka jibu: anaenda au anabaki. Na kama anaenda, anarudi tarehe ngapi, niiandike humu, na barua nitawaandikia mimi kwanza. Mama Esta amenitazama, ametikisa kichwa kidogo, sikujua ni kukubali au kukataa. Stanslaus anamtazama mke wake. Esta anatazama mkeka.

Mkekani Doto amempakata Shija, kichwa amekishika vizuri. Kulwa anahesabu. Leo hajaruka hata moja. Amepita hamsini, yuko sitini na kitu, na hakuna anayemwambia abadilishe.

Saa moja, Esta. Tarehe. Siyo tutaona.