Baba Anataka Mbwa Afunguliwe

Nyumbani, chumba cha kushonea,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu tele kutoka kwa dada yako. Hujambo? Kikohozi kimekuachia, au bado unalala dirisha wazi kwa ubishi wako? Wifi na mapacha wanaendeleaje? Sisi tunapumua, ila mimi nimechoka, na uchovu wenyewe si wa cherehani. Ni wa mbwa wako.

Unaikumbuka karatasi uliyobandika kwenye friji siku unaondoka: Soksi asifunguliwe kamba nje ya geti, kwa sababu yoyote ile. Basi Baba amegoma. Tangu mwezi wa kwanza, kila jioni wanatoka vizuri, kamba mkononi, lakini wakirudi Soksi yuko mbele, huru kabisa, na kamba imo mfukoni mwa Baba. Baba huyu huyu! Tarishi wa miaka thelathini, aliyegawa barua mlango kwa mlango na kupata makovu mawili ya meno kwenye shavu la mguu, aliyekuwa akituambia kwamba mbwa asiyefungwa ni ujinga wa mwenye mbwa. Nikimuuliza sababu, anajitia hasikii.

Mzigo wa kuomba radhi ni wangu. Wiki iliyopita niliitwa pini ziko mdomoni, mapazia ya hoteli nusu mezani nusu sakafuni, eti mbwa ameingia duka la dawa na kumtisha mama mjamzito. Mwenyekiti wa mtaa amekuja mwenyewe mpaka mlangoni. Amesema akimwona Soksi tena bila kamba atamchukua, na yule hatanii. Nikakuandikia kwenye simu, ukanijibu, "Fuateni karatasi." Asante sana, mheshimiwa. Ungekuwa karibu ningekufinya.

Basi Jumatano nikafanya jambo ambalo fundi wa mapazia tu ndiye angelifikiria. Nilichukua uzi mnene, nikaishona kamba kwenye mkanda wa shingoni wa Soksi, mishono kumi na miwili, nikakaza fundo. Nikasema moyoni, leo tutaona nani mbishi zaidi katika nyumba hii.

Saa nzima ikapita, hawajarudi. Nikatoka kuwatafuta nimefura kwa hasira, maneno yote nimeshayapanga. Niliwakuta kona ya pili baada ya karakana ya seremala, hatua kama mia mbili tu kutoka kwetu. Baba amesimama, anatazama huku, anatazama kule. Soksi ameketi kando ya mguu wake wa kushoto, vilevile ulivyomfundisha: akiwa na kamba hatangulii, anasubiri mtu aongoze. Na Baba anahangaika na fundo langu, huku akimbembeleza, "Nenda nyumbani basi, mwanangu. Nenda, mimi nikufuate."

Mdogo wangu, Baba hajui tena njia. Miezi yote hii anamfungua mbwa ili mbwa amrudishe nyumbani, na mimi nimemshonea asiweze.

Aliponiona alinyoosha shati, akasema, "Umewahi kufunga kazi leo." Nilichukua mkasi wa nyuzi unaoning'inia shingoni kwangu, nikakata mishono mmoja mmoja. Soksi akatangulia, kila kona anageuka kututazama, na Baba akanishika mkono mpaka getini.

Sasa niambie. Nikimfunga mbwa, Baba anapotea. Nikimfungua, mwenyekiti anamchukua, na Baba anapotea vilevile. Kumfungia Baba ndani siwezi. Ni jioni tu ndipo anapopiga viatu rangi na kuchana nywele. Nikitaka kuandamana naye anakuwa mkali, anasema hajawahi kusindikizwa kazini. Nimejaribu kumfundisha Soksi aongoze akiwa na kamba, naye ananitazama kama nimerukwa na akili. Anakusikia wewe tu.

Kwa hiyo omba likizo uje. Ushauri wa simu sitaki tena, na karatasi yako nimeibandua. Kwa sasa nimeamua hivi: kwenda amefungwa, kurudi amefunguliwa, nami nyuma yao najifanya naenda kununua uzi. Mwenyekiti nitapambana naye mwenyewe. Naogopa kila siku, na nakukasirikia kila siku, lakini njoo.

Msalimie wifi, wabusu mapacha. Shangazi anakusalimu, amepona jino. Mungu akutunze huko uliko na akufungulie njia ya kurudi salama.

Baba naye anakusalimu sana. Leo nilipomwambia nakuandikia alifurahi, akavuta kiti karibu. Amesema nikukumbushe usizubae njiani ukitoka shule, maana mawingu yamefunga, na leo hukubeba sweta.

Wako akupendaye hata akikununia,
Dada yako.