Siku Niliitika kwa Jina la Olga

Shasha, tarehe 12 Oktoba 2025

Mpendwa dada yangu Jeannette,

Habari za Kisangani? Habari za joto la kwenu, za Papa Ngabo, za kazi? Ule muguu uliokusumbua wakati wa Pasaka umepona? Huku tunapumua, Mungu anatuchunga. Uwitonze wangu ameota meno mawili ya chini, ananiuma akinyonya halafu ananicheka. Mama mukwe anasema mutoto wa kuuma mapema atakuwa mutoza taxe. Nimesema sawa, bora amalize shule.

Barua yako ilifika kwa mikono ya masista. Uliniomba nikutafutie wenzetu wa kolezi wasioonekana kwa WhatsApp, upate kuandika kwenye liste ya promosio, darasa letu la zamani, kila mumoja amekuwa nani. Nimefanya nilichoweza, mimi niliyeishia mwaka wa nne, na kila nikisikia habari njema ya mumoja wao najivuna kama ile diplome ni yangu.

Fiston, yule aliyezimia siku ya kupasua chura, sasa iko infirmier kule Buleusa. Anashona vidonda vya wawindaji. Nilimpata kwa simu ya dereva mumoja wa pikipiki, akacheka sana. "Ambia Jeannette, sasa damu njo inaniogopa." Bénédicte ni directrice wa shule ya musingi, amevaa miwani, anatembea polepole kama askofu. Geneviève hakumaliza masomo, lakini samaki wote wa hapa Shasha wanapita mikononi mwake. Muandike "mufanyabiashara", atafurahi.

Sasa Olga.

Kila mwenzetu niliyemuuliza habari zake mwenyewe, alimalizia kwa kuniuliza za Olga. Bénédicte amesikia eti iko Bukavu. Geneviève anasema labda aliolewa Goma. Wote wanamutafuta upande wa barabara, kwa sababu wote wanajua alipanda kamyo pamoja nasi siku tulipokimbia vita Masisi. Dada, wewe na mimi tunajua hakupanda.

Unakumbuka tulivyofanya darasani. Mumoja akichelewa asubuhi, préfet, mukubwa wa shule, akiita majina, mwenzake anaitika kwa niaba yake ili asipelekwe kufyeka majani. Siku ile ya kukimbia, préfet alisimama nyuma ya kamyo na daftari lake, anaita, risasi zinalia mulimani. Olga alikuwa amerudi bwenini kuchukua kikwembe chake cha kujifunga. Jina lake likaitwa. Mimi njo niliitika "présente", kwa ile sauti yake ya puani, nikijua atakuja mbio kama siku zote. Préfet akaweka alama. Kamyo ikaondoka. Ulinishika mukono mpaka Sake, na pale kila mutu akatawanyika na jamaa zake.

Mama yake, Mama Mukamurenzi, alipokuja kuuliza, walimuonyesha daftari. Alama ilikuwepo. Kwa hiyo alimutafuta Goma, Minova, mpaka Bukavu, kisha akahamia hapa kwetu. Anauza ndizi kando ya barabara. Gari likipunguza mwendo pale, anainuka kutazama waliomo ndani. Miaka tisa, dada. Siku za soko ninapita mbele yake, anabariki mutoto wangu, anauliza kama ananyonya vizuri, na mimi naharakisha kuondoka.

Wiki iliyopita alimupakata Uwitonze akamuita Olga. Akajisahihisha, akacheka kidogo. Hapo nikakaa chini kando ya ndizi zake, nikamuambia yote.

Akapanga ndizi upya, moja moja. Halafu akasema, "Basi ndani ya daftari ilikuwa wewe."

"Njo mimi, Mama."

"Itika tena. Vile uliitika."

Nikamuomba asinitese hivyo.

"Itika, mutoto yangu."

Nikaitika. Alifumba macho muda murefu, watu wanapita, muteja mumoja akaondoka bila kuhudumiwa. Kisha akasema, "Iko yeye kabisa. Hata mimi ningeweka alama."

Hakunipiga, hakunilaani. Aliuliza tu waliobaki walikimbilia wapi. Nikamuambia nilivyosikia baadaye, kwamba wa upande wa mabweni walishuka musituni, kuelekea Walikale. Akatazama barabara, kule magari yanatoka. "Miaka tisa," akasema, "nimempa mutoto wangu mugongo."

Fiston anasema vijiji vya nyuma ya Buleusa, hukohuko Walikale, vina watu wengi waliotoka Masisi wakati ule, na wengine hawajarudi kwa sababu hawajui kama kuna anayewangoja. Yeye mwenyewe hajamuona Olga. Hakuniahidi kitu, lakini atatupokea na kutuonyesha njia. Tunaondoka tarehe 30, mimi na Mama, Uwitonze mugongoni. Bwana yangu Habumugisha alikataa, siku mbili hakuongea na mimi. Siku ya tatu nikakuta ameshona viatu vyangu vya safari. Moyo wangu unaogopa, lakini tangu niseme ninakula vizuri, na naamini mutu anaweza kupatikana kama anatafutwa pale alipoachwa.

Kwenye liste yako, usiandike kitu mbele ya jina la Olga. Wala usilifute.

Nimebakiza neno moja. Mama Mukamurenzi aliniuliza nani alikaa karibu na mimi ndani ya kamyo. Nilijibu sikumbuki. Huo ni uongo wangu wa pili juu ya binti yake, na nimeusema kwa ajili yako. Hakuamini, naona, lakini hakunibana. Jumapili baada ya misa anakaa kwa Geneviève, na Geneviève iko na simu. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Sitakusemea, dada. Atakuuliza mwenyewe ulichoona, na pengine wewe uliona kitu ambacho mimi sikuona: Olga alielekea wapi kabla hatujakata kona.

Nisalimie Papa Ngabo, na mama mukubwa Athanasie ambaye nimebeba jina lake, na watoto wote mumoja mumoja. Mungu awafunike nyote, na akulainishie ulimi Jumapili.

Mudogo wako akupendaye leo kama jana,

Athanasie