Bonge na Mrefu

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu unapata nafuu na kwamba siku hizi karakanani kuna wateja wengi kuliko wapiga soga. Mimi ni mzima, ukiacha bega, na hilo bega ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Barua hii naituma karakanani badala ya nyumbani kwa sababu unayoijua. Mama bado anaamini niko huku kambini natunza stoo, nahesabu viberiti na magunia ya unga. Kila nikitaka kumwambia kwamba mwezi ujao nafanya mtihani wa kuwa mwongoza wawindaji, naikumbuka siku uliyoletwa nyumbani kwenye machela, mguu umevunjwa na nyati, na Mama akasema hakuna mtu wa nyumba yake atakayeshika bunduki tena. Basi naishia kumwandikia habari za viberiti.

Sasa shida yangu. Mkuu wa kambi anataka kila mwanafunzi achague bunduki moja na aina moja ya risasi. Ukishachagua inaandikwa kwenye leseni, na hiyo ndiyo utakayozeeka nayo. Kwa nyati ziko mbili tu hapa, kila moja inaitwa kwa namba ya unene wa risasi yake: tatu-saba-tano na nne-tano-nane. Tatu-saba-tano ni nyembamba, inakwenda mbali bila kushuka sana, na ikiingia inachimba. Nne-tano-nane ni nene na nzito, na nyati akikujia mbio ukimpiga nayo anakaa chini. Lakini teke lake, Baba! Nikifyatua nasikia mpaka kwenye meno.

Wewe umewinda miaka na miaka. Nichukue ipi? Nikifeli huu mtihani naishia stoo kweli, na mimi stoo siitaki.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba


11 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mguu haujambo, unatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mama yako naye hajambo, jana kaniuliza kama viberiti vinawatosha huko.

Nimesoma swali lako nikacheka peke yangu mpaka fundi mwenzangu akaja kuniangalia kama niko sawa. Unauliza ipi? Nne-tano-nane, tumemaliza. Ningefunga bahasha hapa hapa, ila kwa kuwa stempu nimeshanunua, ngoja nikueleze.

Mgeni unayemwongoza anakuja na bunduki yake ya kung'aa. Anapiga, anamjeruhi mnyama, kisha yeye huyo anatafuta mti wa kupanda. Anayebaki chini ni wewe. Nyati aliyejeruhiwa hana subira ya kukungoja uchague mahali pa kumpiga. Unataka kitu kitakachomsimamisha hapo hapo alipo. Hiyo tatu-saba-tano yako ni sindano ya kushonea vifungo, wape mafundi cherehani.

Teke utalizoea. Kitako kibane begani usikiachie nafasi, inamia mbele kidogo, vuta pumzi, toa nusu, vuta kifyatulio taratibu. Hata mimi mwanzoni niliona nyota mchana. Ukishindwa na nne-tano-nane usitaje jina la baba yako, maana huko zamani walikuwa wananiheshimu.

Nakuombea kheri.

Baba yako


20 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo tena. Nimefurahi kusikia mguu umeanza kazi ya utabiri. Huku tuko salama, joto tu ndilo linalotunyoosha.

Ushauri nimeupokea na nimeusoma mara nyingi. Nina swali moja dogo, na usikasirike. Ile siku nyati alipokuvunja mguu, ulikuwa umeshika ipi?

Kabla sijaendelea nikwambie majina, maana huku hakuna anayetaja namba. Nne-tano-nane, kwa vile ni fupi na nene, tunaiita Bonge. Tatu-saba-tano tunaiita Mrefu. Tunawasema kama watu, mgeni akitusikia anadhani tunakula nao sahani moja. Karatasi imejaa, naendelea ukurasa wa pili.

Ukurasa wa pili

Basi Baba, nimewajaribu wote wawili. Asubuhi nilikuwa na Mrefu, jioni nikawa na Bonge. Mrefu ni mtaratibu, hana makuu, ninapomtaka ndipo anapofika. Bonge ana nguvu, hilo silikatai, lakini ananipiga. Bega lote limekuwa jeusi, siku hizi nalala upande mmoja. Mkuu anasema nimvumilie, wenzangu wote wamepitia hayo hayo, na karibu kila mtu hapa kambini yuko na Bonge. Anasema pia nikishamchukua ndiyo moja kwa moja, hakuna kurudisha.

Kusema ukweli moyo wangu uko kwa Mrefu. Naogopa tu kukuudhi, maana najua wewe na Bonge mmetoka mbali. Nipe neno lako la mwisho kabla ya tarehe tano. Na tafadhali, Mama asijue.

Mwanao,
Kitindamimba


29 Machi

Mwanangu,

Salamu fupi kwa sababu hali ni mbaya. Mimi ni mzima wa mwili.

Ukurasa wa kwanza wa barua yako niliuacha karakanani, nilikuwa nawaonyesha wenzangu jinsi unavyozielezea risasi kitaalamu. Ukurasa wa pili ulibaki mfukoni mwa koti. Mama yako akalichukua koti kufua. Kabla ya kufua hukagua mifuko, wewe unamjua.

Nilirudi nikamkuta amekaa sebuleni, mikono kifuani, karatasi iko mezani. Akaniuliza, "Bonge ni nani?"

Hapo, mwanangu, nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kusema Bonge ni risasi, na mtoto wako hatunzi stoo, anajifunza kuwinda nyati, na mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Ya pili ni kunyamaza. Nikaona njia ya tatu, na afadhali ningenyamaza. Nikasema, "Bonge namfahamu. Hana neno."

"Unamfahamu?"

"Nimekaa naye miaka mingi porini."

"Kwa hiyo ni mzee."

Nikasema ni wa zamani lakini bado yuko imara. Akaniuliza kama najua anampiga mtoto. Nikasema, "Atamzoea tu. Hata mimi mwanzoni alikuwa ananipiga."

Mama yako aliikunja ile karatasi. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na wewe ndiye uliyemshauri amchukue?" Nikasema ndiyo. Mdomo wangu ulikuwa umeshanikimbia. Akaenda chumbani, nikasikia begi linaburutwa kutoka mvunguni.

Asubuhi hii amepanda gari la mahitaji linalokuja huko kambini. Barua hii iko kwenye gari hilo hilo. Nimemwomba dereva akupe wewe kabla Mama hajatia mguu chini. Amekaa kiti cha mbele, mwavuli mkononi, na mvua hakuna.

Kuhusu swali lako la ile siku ya mguu, tuliache kwanza.

Baba yako


6 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua hulali, kwa hiyo nianze na hili: Mama ni mzima, mimi ni mzima, na Bonge ni mzima pia. Barua yako dereva amenipa wakati kila kitu kimeshakwisha, Mama aliikalia njia nzima bila kujua.

Mimi nilikuwa kwenye uwanja wa shabaha gari lilipofika, haya nimehadithiwa na mlinzi wa getini mwenyewe. Mama alishuka akamuuliza, "Bonge yuko wapi?" Mlinzi akadhani ni mkaguzi kutoka makao makuu. Akasimama wima akajibu, "Amefungiwa kwenye sanduku la chuma, mama. Hatolewi bila ruhusa ya mkuu."

Mama akasema, "Kumbe na nyinyi mnaijua tabia yake."

"Tunaijua, mama. Akitoka ovyo anaweza kuua mtu."

"Na kila siku anakula nini?"

Hapo mlinzi alisita, lakini akajikaza. "Hali, mama. Anapanguswa na kupakwa mafuta kila jioni."

"Na nani?"

"Na yule binti tunayemfundisha, mama."

Nilipoitwa nikamkuta Mama yuko ofisini kwa mkuu, ameuweka mwavuli juu ya meza kama silaha. Mkuu, mtu anayekemea nyati, alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani. Mama alikuwa anamwambia amlete huyo mwanaume hapa, na yule Mrefu pia aje, awaone wote wawili. Mkuu alinitazama, akaelewa, akafungua droo. Akachukua mkono wa Mama akamwekea risasi mbili kwenye kiganja. "Huyu mnene ndiye Bonge, mama. Huyu mwembamba ndiye Mrefu."

Mama alizitazama. Akanitazama mimi, bega, magwanda, buti. Nikamweleza yote, stoo, mtihani, na wewe, samahani Baba, na wewe nilikutaja. Hakunigombeza. Akauliza, "Kwa hiyo mchumba hakuna?"

Nikasema hakuna.

Akasema, "Afadhali mchumba."

Sijawahi kusikia maneno mawili yakaniuma vile. Gari la kurudi halikuwepo mpaka wiki ijayo, kwa hiyo jana, siku ya mtihani, Mama alikuwa bado yupo. Akaomba kiti, akakiweka pembeni ya uwanja, karibu yangu, nyuma ya kamba.

Baba, nilikuwa nimeamua kukutii. Nikaanza na Bonge. Shabaha ni ubao uliochorwa nyati, unavutwa kwa kamba unakuja kwako kwa kasi. Ya kwanza nikakosa, ya pili ikagusa pembe. Mkuu akasema mikono yangu haina nguvu, niende stoo nikanyanyue magunia kwanza, nirudi mwakani. Niliona dunia imeniishia.

Mama akasema kutoka kwenye kiti, "Mikono haina tatizo. Anafumba macho."

Mkuu akasema hajaona hivyo. Mama akasema, "Akishika hii fupi, anafumba macho kabla haijalia. Jana mlimpa ile ndefu akifanya mazoezi, hakufumba hata mara moja. Wewe hujaona kwa sababu ulikuwa unaangalia ubao. Mimi nilikuwa namwangalia mwanangu."

Mkuu alivua kofia akajikuna kichwa, akaniletea Mrefu, akaacha kuangalia ubao akaja kusimama kando ya kiti cha Mama, aniangalie usoni. Ubao ukavutwa. Nilimpiga nyati wa mbao kwenye kifua, nikamrudia hapo hapo, na ya mwisho ilipita karibu na tundu la kwanza. Leseni imeandikwa tatu-saba-tano. Nisamehe, Baba, lakini bunduki nzito ninayoifumbia macho haitanilinda na kitu.

Furaha yangu haijakamilika. Mama hajasema neno tangu jana. Asubuhi nimemkuta anakunja nguo, na zangu nazo amezikunja, zimo kwenye begi lake. Kama atasema turudi nyumbani, sijui nitamjibu nini. Siwezi kumkaidi nikaenda.

Mwanao,
Kitindamimba


10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo sana. Nimeunguza sufuria ile kubwa, usimwambie.

Barua yako nimewasomea wenzangu karakanani, na safari hii nimeisoma kurasa zote. Walinicheka mpaka mteja akaondoka. Nimekubali. Chukua Mrefu, kaa naye vizuri. Na lile swali lako: ilikuwa nne-tano-nane. Nilipiga juu ya mgongo, mita kadhaa juu ya mgongo. Sikumbuki kama macho yalikuwa wazi.

Mwambie mama yako nyumba ni kubwa mno bila yeye. Kama akisema mrudi, mtii, nami nitajaribu kuzungumza naye. Nilipokuwa naondoka kwenda kuwinda zamani sikuwahi kumuuliza yeye anajisikiaje. Nilikuwa namuaga tu.

Baba yako


13 Aprili

Mume wangu,

Habari za hapo. Mimi sijambo. Barua yako kwa mtoto nimeisoma mimi, sasa ni zamu yangu kufungua barua za watu. Sufuria nitaiona nikirudi.

Nilikuja huku kumchukua mtoto, nikakuta hakuna mwanaume wa kumnyang'anya, nikaona haidhuru, nitamchukua hivyo hivyo. Gari la mahitaji linarudi leo mchana. Begi lilikuwa tayari tangu wiki iliyopita. Yeye aliliona na hakuniuliza, na mimi sikusema.

Wageni wake wa kwanza walifika jana. Walitakiwa kuondoka leo alfajiri kuwafuata nyati. Mkuu aliwaambia wote mbele yangu kwamba mwongozaji atakayechelewa gari la porini halimsubiri, anapanda mwingine, na nafasi inakuwa ya huyo mwingine. Tunalala hema moja. Usiku kucha alikuwa anajigeuza, na kulipokaribia kupambazuka ndipo usingizi ukamchukua, mdomo wazi kama alipokuwa mdogo.

Gari likaja likapiga honi. Hakusikia. Likapiga ya pili. Nilikuwa nimekaa kitandani kwangu namtazama. Ninaogopa, baba watoto, ninaogopa kama siku ile walipokushusha kwenye machela, na hakuna bunduki nyembamba wala nene ya kunitoa woga huo. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Gari lingeondoka, angeamka jua limepanda, na asingejua kamwe kwamba nilikuwa macho.

Nimemwamsha. Nimemshikia buti akavaa.

Mkeo